Babu alifukuzwa udiwani, au baraza lenyewe ndilo lililofutwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjukuu wa mzee mmoja aliyekuwa diwani huku Newala. Aliingia barazani miaka ya mwanzo baada ya uhuru, na alikuwa pia kwenye kamati ya chama cha ushirika cha korosho. Kijijini wanasema alitolewa udiwani 1972 kwa sababu ya kula fedha za watu. Kwenye ushirika nako jina lake linaishia 1976. Lakini 1983 alichaguliwa tena, akakaa mpaka alipopumzika udiwani 1994. Mwaka huu tunamfanyia hitma, na ukoo umenipa kazi ya kuandika maisha yake yasomwe mbele za watu. Hapo kwenye 1972 niandike nini? Na ukweli nautafuta wapi? Mjukuu, Newala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee wetu.

Nianze na hilo linalokukaa rohoni. Mwaka 1972 hakutoka barazani babu yako peke yake. Walitoka madiwani wote wa wilaya: Newala, Masasi, Lindi, Nachingwea, Kilwa, na kote Tanzania Bara. Tarehe 1 Julai 1972 mpango wa Madaraka Mikoani ulianza kazi na halmashauri za wilaya zikavunjwa. Kiti alichokuwa akikikalia hakikuwapo tena. Mwaka 1976 ni vilevile: mwezi Mei serikali ilivunja vyama vya ushirika nchi nzima, na ununuzi wa korosho ukawa wa Mamlaka ya Korosho kupitia vijiji. Kisha 1982 zikatungwa sheria za kurudisha serikali za mitaa na ushirika, madiwani wakachaguliwa 1983, halmashauri zikaanza kazi 1984.

Sasa chukua miaka uliyoniandikia uipange kando ya hiyo. Inalingana moja kwa moja. Mimi nimefanya kazi masijala ya halmashauri huku Kusini kwa miaka mingi, na maisha ya namna hii nimeyaona mara nyingi: mtu anaondoka kila chombo chake kinapofutwa, anarudi kila kinaporudishwa. Wajukuu wanaokuja baadaye wanaona mapengo tu, na pengo likikosa maelezo, watu hulijazia.

Sisemi kwamba hakula fedha. Hilo silijui, na wewe pia hulijui bado. Ninachosema ni kwamba kutoka kwake 1972 hakuwezi kuwa ushahidi wa wizi, kwa kuwa aliyeiba na ambaye hakuiba walitoka mlango mmoja siku moja. Anayesema alikula, alete kingine.

Ili uandike vizuri, inabidi ujue diwani wa miaka ile alikuwa nani. Huku kwetu, kabla ya uhuru, serikali ya Mwingereza ilitawala vijiji kupitia maliwali, maakida na majumbe. Wakulungwa wa matawa, yaani wazee wakuu wa koo, walibaki na heshima yao ya kimila, lakini karani, kodi na polisi vilikuwa kwa liwali. Mfumo huo wa watawala wa jadi waliowekwa na serikali ulifutwa 1963. Madiwani wa kizazi cha babu yako ndio waliokalia nafasi hiyo mpya, wengi wao wakiwa vijana wa TANU wanaojua kusoma na kuandika, waliosoma shule za misheni au chuoni kwa shehe na baadaye darasa la jioni. Walirithi shule za msingi, zahanati, masoko, barabara za vumbi na visima. Kwa nyanda za juu za Makonde, maji yalikuwa ndiyo siasa yenyewe. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza enzi za Mwingereza, ulisukuma maji kutoka bondeni Kitangari kuyapandisha juu, na mashine ikizimika akina mama walirudi kushuka mabondeni na ndoo usiku wa manane. Kama bibi yako yu hai, muulize babu alisema nini kuhusu maji. Nina hakika atakuwa na la kukuambia.

Fedha za halmashauri zilitoka wapi? Kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Hapa ndipo ningependa usome taratibu, kwa sababu wengi wanaolaumu wazee hawapajui. Mwaka 1969 serikali kuu ilifuta vyote viwili. Mkulima alipumua, na alistahili. Lakini diwani alibaki na ahadi alizokwisha kuzitoa na kisanduku kitupu. Shule imefika kwenye linta, bati hazipo. Zahanati imechimbwa msingi, saruji haiji. Halmashauri nyingi zikawa zinaishi kwa ruzuku na kwa michango ya wananchi. Diwani ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na balozi wa nyumba kumi, daftari mkononi, kuandika nani katoa shilingi ngapi. Halafu Julai 1972 inafika, halmashauri inavunjwa, mali na akaunti zake zinapelekwa chini ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya, mtumishi wa serikali kuu. Zilikuwapo kamati za maendeleo za wilaya, na wajumbe wa kuchaguliwa walikuwamo, lakini mipango na bajeti viliandaliwa na watendaji. Mwananchi aliyetoa mchango wake hakumjua mkurugenzi. Alimjua aliyekuja na daftari.

Mtu wa korosho ataelewa haraka. Kumbuka Novemba 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa Sh 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakaja kubeba mzigo. Wapo waliokaa miezi wakisubiri malipo yao. Walikwenda kumgongea nani mlango? Mwenyekiti wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Uamuzi haukuwa wake, fedha hazikupita mikononi mwake, lakini ndiye aliyekuwa jirani. Babu yako naye alikuwa jirani.

Kuna jambo la pili ambalo ningelichunguza kabla ya hilo la fedha, nalo ni zito zaidi. Ni vijiji vya ujamaa. Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuwa na vijiji vingi, na sababu mojawapo ilikuwa vita ya Msumbiji iliyopiganwa ng'ambo ya Ruvuma tangu 1964 hadi 1974. Watu wa mpakani walikuwa wakiishi na hofu ya mabomu na mabomu ya ardhini ya Wareno, na serikali ilitaka wakae pamoja, mbali na mto, penye mgambo. Wengine walihama kwa hiari. Baadaye, Novemba 1973, Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na muda ukawekwa hadi mwisho wa 1976. Hapo wako waliohamishwa kwa nguvu, nyumba zikavunjwa, na mikorosho waliyoipanda baba zao ikabaki porini umbali wa saa nyingi kwa miguu. Shamba lisilopaliliwa linaota msitu, na korosho iliyodondoka msituni haiokotwi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalishuka hadi kama tani 17,000. Kuhamishwa si sababu pekee: bei ilikuwa duni na ugonjwa wa ubwiri unga uliingia. Lakini mzee aliyeachana na mikorosho yake mia mbili hahesabu sababu tatu. Anamkumbuka aliyesimama mbele ya mkutano akasema, "Ndugu zangu, tuhame."

Je, babu yako alisimama mbele ya mkutano ule? Alikuwa diwani hadi 1972 na mjumbe wa ushirika hadi 1976. Ni vigumu kuamini kwamba hakuwa na cheo cha Chama wakati huo. Ukimwuliza mzee wa kijiji, "Babu alikula fedha gani?", huenda akakosa jibu. Muulize badala yake, "Mlihamishwa lini, na nani alikuwa kiongozi siku ile?" Kaa kimya, msikilize. Nimewahi kumsikia mzee akianza na fedha na kumaliza na nyumba ya mama yake ilivyochomwa moto. Kinyongo cha kweli kilikuwa hapo, na neno "fedha" lilikuwa rahisi kulitamka kuliko hilo.

Ukikuta kwamba babu yako alishiriki kuhamisha watu, liandike. Usimfiche. Ukoo wako utakasirika kidogo siku ya kwanza, lakini kwenye hitma hiyo watakaa watoto wa wale waliohamishwa, na wao wanajua. Maandishi yanayokiri jambo hili yatasikilizwa hata pale yanapomtetea kwenye jambo la fedha.

Sasa Azimio la Arusha. Tangu Februari 1967 diwani alihesabiwa kuwa kiongozi, na masharti ya uongozi yalimfunga yeye pamoja na mkewe: asiwe na nyumba ya kupangisha, asipokee mishahara miwili, asiwe na hisa wala ukurugenzi katika kampuni. Ukoo wako una nyumba mjini Newala au Mtwara iliyoandikwa jina la shangazi au la mjomba, na hakuna anayejua kwa nini? Angalia tarehe ya hati. Ikiwa ni 1967 au 1968, umepata ukurasa mzima wa maisha yake. Wako walioamua kuacha udiwani wabaki na nyumba, na wako walioacha nyumba wabaki na udiwani.

Kuhusu 1983, usiipite haraka. Mwaka huo ndio wa msako wa wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Watu walitupa bidhaa mitoni usiku kwa hofu ya kukamatwa. Katika mwaka wa namna hiyo, chini ya chama kimoja, jina la mgombea udiwani lilipita kwanza kwenye vikao vya CCM vya kata na wilaya ndipo likafika kwa wapiga kura. Mtu aliyejulikana na vikao vyote kuwa mwizi wa fedha za umma, kupitishwa 1983, ingekuwa ajabu. Si haiwezekani, maana vikao navyo ni vya binadamu, lakini hili lina uzito kuliko maneno ya vibarazani. Na baada ya vikao, wanakijiji wenyewe walimpigia kura. Waliosema alikula, au baba zao, walikuwa kwenye foleni ile.

Miaka yake kumi ya mwisho haikuwa mizuri kwa diwani yeyote. Halmashauri zilirudishwa zikiwa hazina kitu, korosho imeanguka, na kodi ya maendeleo ikaletwa. Mgambo walikuwa wakizunguka alfajiri kuwakamata wasiolipa, wanaume wakilala mashambani. Kodi ile ilifutwa 2003 na hakuna aliyeililia. Ukisikia nyimbo za kumsema babu yako za miaka ya 1980, nyingi zitakuwa za hapo. Upande mwingine, ndiyo miaka ya visima na pampu za mkono za mradi wa Wafini, na ya utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, ulioonyesha kwamba ubwiri unga unazuilika kwa salfa. Diwani ndiye aliyebishana kisima kikae wapi. Kipo kisima kijijini kwenu? Uliza kwa nini kilichimbwa pale na si kwingine. Na 1994, alipopumzika, ndio mwaka wa kwanza wa uchaguzi wa madiwani chini ya vyama vingi. Wazee wengi wa kizazi chake waliona mchezo umebadilika wakaaga kwa heshima.

Ushahidi sasa.

Makaratasi ya babu yako yanaweza kuwa hayako kwenu. Sisi huku, Wamakonde, Wayao, Wamakua, wengi tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mzee akifariki vitu vyake vya heshima mara nyingi vilikwenda kwa wapwa wake, watoto wa dada. Ninyi wajukuu wa upande wa mtoto wa kiume mnaweza kuwa mmetafuta miaka yote kwenye nyumba isiyo yake. Nenda kwa wapwa. Uliza sanduku la bati. Ndani yake tafuta kadi ya TANU, ambayo itakuonyesha tawi na tarehe ya kujiunga, kitabu cha ushirika chenye kilo na bei, barua za kuitwa kikaoni, na madaftari ya michango. Daftari la michango ndilo la thamani kuliko yote. Mtu anayekula fedha za watu hana sababu ya kulitunza daftari miaka hamsini. Ukilikuta, usilifungue kwa pupa, kurasa zitakuwa zimeshikana. Piga picha kila ukurasa palepale, kwa mwanga wa mlangoni, kabla ya kuomba kuondoka nalo. Wakikataa uondoke nalo, picha unazo.

Halmashauri ya wilaya itafuata. Andika barua kwa mkurugenzi mtendaji, eleza wewe ni nani na unatafuta nini: mihtasari ya vikao vya baraza ya 1963 hadi 1972, na ya 1984 hadi 1994. Usiende na swali la fedha, nenda na miaka. Ukiambiwa majalada hayapo, omba kuonana na mtu wa masijala mwenyewe, kwa sababu anayejibu barua mara nyingi hajawahi kuingia kwenye chumba cha majalada ya zamani. Nasema hili kwa uchungu. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, nilirudi likizo nikakuta majalada ya miaka ya 1960 yametolewa nje kupisha viti vipya, mvua imenyesha siku mbili. Tuliokoa yale ya katikati ya rundo. Ya juu na ya chini yalikuwa uji. Humo mlikuwa na maisha ya babu za watu.

Kwa hiyo usikate tamaa mapema, lakini usichelewe pia. Yaliyopelekwa Dar es Salaam yako Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga. Kwa sheria ya 2002, kumbukumbu za umma hufunguliwa kwa wasomaji zikitimiza miaka 30, kwa hiyo 1972, 1976 na 1983 zote zimeshafika umri. Tafuta kwa majina ya zamani. Kabla ya mikoa palikuwa na Jimbo la Kusini, na makao yake yalikuwa Lindi kabla ya kuhamia Mtwara. Hadi 1971 Lindi ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara. Tandahimba ilikuwa Newala. Na jina la babu yako lisake kwa kila tahajia: karani mmoja aliandika Mohamedi, mwingine Muhamadi, wa tatu akaandika jina la baba kwanza. Magazeti, kama Uhuru, yasome ukipata nafasi pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini diwani wa Newala hakuandikwa gazetini isipokuwa waziri alipomtembelea.

Kwa tuhuma yenyewe, wizi wa fedha za halmashauri ungeacha alama: hoja ya mkaguzi wa hesabu, azimio la baraza, barua ya kujieleza, au kesi kwenye rejista ya mahakama ya wilaya. Ukizikosa zote nne baada ya kutafuta kwa bidii, andika hivyo hivyo kwenye maisha yake, kwa maneno mepesi: tumetafuta hapa na hapa, hatukuona.

Kuna karatasi moja ambayo ningeitafuta kabla ya nyingine zote. Ni muhtasari wa kikao cha mwisho cha baraza la Newala kabla ya Julai 1972. Huwa umechapwa kwa taipu kwenye karatasi nyembamba za kaboni, umebanwa kwa pini iliyoota kutu. Usianze na ajenda. Ukurasa wa kwanza una orodha tatu: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa taarifa, wasiohudhuria bila taarifa. Pita jina kwa jina kwa kidole. Diwani aliyefukuzwa hayumo kwenye hata moja ya orodha hizo. Ukimkuta babu yako kwenye ile ya kwanza, basi alikaa kitini mpaka siku kiti kilipoondolewa, na hiyo ndiyo sentensi yako ya 1972. Ukikuta hayumo kabisa, rudi nyuma kikao kimoja kimoja mpaka umwone kwa mara ya mwisho, kisha soma muhtasari unaofuata, kwenye kipengele cha yatokanayo. Kilichompata kitakuwa hapo.